Mgeni wa Ghalani

Watu huja dukani kuniuliza dawa ya nyoka. Duka ninalouzia ni la dawa za mifugo, pale Nyasho, Musoma, na mtu akiona rafu zimejaa dawa za kupe na za minyoo anaamini kwamba nyuma yake lazima iwepo chupa ya nyoka ninayoificha kwa ajili ya wateja wazuri. Nawaambia haipo. Nawaambia wafyeke majani yaliyo karibu na nyumba, waondoe mawe na mbao walizolundika ukutani, wazibe upenyo chini ya mlango, wapambane na panya, maana nyoka haji kwa ajili ya binadamu, anakuja kwa ajili ya panya. Giza likiingia watembee na tochi, na miguu iwe na viatu. Hayo yote mtu anaweza kuyafanya mwenyewe, na ndiyo maana hayamfurahishi. Anataka chupa. Anatoka kwangu amenuna, anaenda kumwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba, na nyoka anapita juu yake bila hata kupunguza mwendo.

Mwenye duka alishanionya mara mbili kuhusu mdomo wangu. Anasema nawagombeza watu waliokuja na shida zao. Ni kweli, nawagombeza. Lakini mama yake mwenye duka ana miguu miwili, na wangu ana mmoja, kwa hiyo hatuwezi kuzungumza na wateja kwa sauti ileile.

Aliyenifundisha nyoka ni mama mwenyewe. Tulikuwa tunakaa Nyakato, nyumba ya kupanga, na nyuma ya choo kulikuwa na mawe makubwa yaliyobebana, yenye mapango ya kutosha kuingia paka na kila kitu kingine. Baba alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, anashinda ziwani, kwa hiyo mambo ya nyoka yalikuwa ya mama. Majirani wetu walikuwa na nyoka mmoja tu vichwani mwao, koboko. Mkia ukionekana unaingia kwenye nyasi, koboko. Kamba ya mbuzi ikilala vibaya njiani, koboko. Mtaa mzima unatoka na mapanga, na mwisho wa yote wanaua kinyoka cha kijani, chembamba, ambacho kazi yake ni kula vyura na mijusi. Wanakichoma moto, na wanasimulia habari zake mpaka Jumapili.

Mama alikuwa anawacheka. Kwangu alikuwa anasema, "Usikimbie kabla hujaangalia. Angalia kichwa, angalia mwendo, ndio ukimbie." Alinionyesha ndumilakuwili, yule mwenye mkia butu unaoweza kudhani ni kichwa cha pili, akasema huyo mwache aende zake. Alinionyesha swila kwa mbali, anavyoinuka na kutanua shingo, akaniambia kwamba huyo hana haja ya kukufikia, anakutemea tu. Siku moja jirani yetu aliyekuwa anaokota kuni kwenye mawe alitemewa machoni. Watu wakaleta maziwa, mmoja akashauri mkojo. Mama akawasukuma wote, akamlaza ubavu, akamfungua kope kwa vidole na kummiminia maji safi, taratibu, ndoo nzima, halafu akampeleka hospitali yeye mwenyewe. Yule jirani anaona mpaka leo, tena anashona nguo.

Ila kuna nyoka mmoja ambaye mama hakuwa na utani naye, kifutu. Alisema nyoka wengine wakisikia kishindo chako wanaondoka, wana aibu. Kifutu haondoki. Analala palepale alipo, kwenye majani makavu au pembeni ya gunia, anangoja, na wewe ndiye unayempelekea mguu. Jikoni alichukua mkaa akanichorea sakafuni. Mwili mfupi, mnene kama mkono wa mwanaume anayekula vizuri. Kichwa kipana, kimejitenga na shingo. Mkia unaisha ghafla. Mgongoni alichora alama moja mbele ya nyingine, kama mapaa ya nyumba yaliyopangwa kwenye mstari. Akitembea huyo anakwenda wima, hajikunji, na akikasirika anapumua kwa nguvu kama pampu ya baiskeli. "Watu wanamchanganyaga na chatu mtoto," alisema, "kwa sababu wote wana madoa. Ya chatu ni mabaka makubwa, hayana mpangilio, na ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Na chatu akiwa mdogo ni mwembamba. Ukiona mfupi na mnene, usiulize mara mbili." Nilikuwa na miaka tisa. Yale mapaa ninaweza kuyachora nikiwa nimefumba macho.

Nayasema haya yote mapema ili ijulikane kwamba hatukuwa watu wasiojua.

Baba alipochoka na ziwa, walirudi kwao, upande wa Butiama, kwenye boma la ukoo. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nipo mjini. Walijenga nyumba ya bati vyumba vitatu, wakalima mihogo na mtama, wakafuga ng'ombe wanne. Jirani yao wa mlango kwa mlango alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba, mkubwa wa boma lote na mzee wa kanisa. Huyu baba mkubwa alikuwa ananiita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yao. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa ananiita mama, ananisimamia nikiingia, ananipa kiti. Nilimpenda. Ningependa kuandika kwamba sikuwahi kumpenda, ingekuwa rahisi zaidi.

Baba akafa. Alikufa kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee, tukamzika, kanisa likaimba, watu wakala. Mama akabaki peke yake kwenye ile nyumba ya vyumba vitatu. Na kila mtu anajua mjane kwenye boma la mume anakaaje. Anaangaliwa. Amelia kiasi gani, amekula saa ngapi, amecheka na nani. Nyumba ni yake kwa mdomo wa watu, na mdomo wa watu unaweza kubadilika baada ya mavuno.

Siku ya kuanua tanga, wanawake walikwenda kutoa udaga, ile mihogo mikavu ya ugali, ghalani. Ghala lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya jiko, chenye magunia na kihenge cha mtama, na panya wasiohesabika. Wakatoka haraka, wamefunga midomo kwa viganja. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja akaenda kumnong'oneza baba mkubwa, naye akainuka kwenye kiti chake, akavua kofia.

Hapo lazima nieleze. Kwenye ukoo wa baba, chatu hauawi. Akiingia nyumba iliyofiwa anaitwa mgeni, na inaaminika amebeba salamu za marehemu, amekuja kuaga kwa niaba yake. Mgeni anawekewa maziwa ya asubuhi hiyo, yaliyokamuliwa sasa hivi, kwenye bakuli ambalo marehemu alikuwa analitumia. Anayeyaweka ni mjane, kila siku, mpaka mgeni aondoke mwenyewe. Na anaingia peku, kwa heshima, kwa sababu huwezi kumwendea mume wako aliyekuja kukuaga ukiwa umevaa makubazi. Jumapili watu haohao wanakaa benchi la mbele, wanaimba tenzi. Sikuwahi kuona mtu yeyote akisumbuliwa na jambo hilo, na mimi pia halikunisumbua mpaka siku ile.

Tukaenda kumtazama, kwa zamu, kama watu wanavyopita kuaga mwili. Zamu yangu ilipofika niliinama mlangoni nikasubiri macho yazoee giza. Alikuwa amelala kati ya ukuta na gunia, nusu yake iko nje. Mfupi. Mnene. Kichwa kipana kimelala juu ya mkunjo wa mwili. Na mgongoni, moja mbele ya nyingine, mapaa ya nyumba.

Nikarudi nyuma, nikamwambia baba mkubwa kwa heshima zote, mbele ya watu, "Baba mkubwa, huyu siyo chatu. Huyu ni kifutu."

"Mama, umekaa mjini sana," akasema, bado kwa upole. "Huyo ni chatu mtoto. Anakuwaga hivyohivyo."

"Chatu mtoto anakuwa mwembamba. Huyu ana sumu. Mama asiingie humo."

Upole ukaisha. "Wewe msichana," akasema. Nina miaka arobaini na moja na ananiita msichana, yeye ambaye amenisimamia maisha yangu yote. "Wewe umeshaolewa, una kwenu. Mambo ya hili boma tuachie sisi. Au hautaki baba yako aage?"

Watu wote wakaniangalia. Nikamwangalia mama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, amejifunga kitenge cheusi, na bakuli la baba lilikuwa limeshawekwa mikononi mwake. Alitazama ndani, akatazama chini, akasema, "Mwanangu, acha."

Nikaacha. Nilidhani macho yake yamechoka, ana miaka sabini, mle ndani ni giza, na yeye ana huzuni, hakuona nilichokiona. Niliwakasirikia watu wote wa pale na yeye nikamkasirikia zaidi, kwamba aliyenifundisha amesahau. Nikamwona anavua makubazi yake, anayapanga vizuri pembeni ya mlango, anaingia. Akatoka. Watu wakashusha pumzi na kuanza kugawa chakula. Saa nane mchana nilipanda gari kurudi Musoma, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kazi.

Nimeshajiuliza ningefanya nini kingine, na majibu yapo mengi, hiyo ndiyo shida. Ningekaa. Ningemlipa kijana yeyote wa pale kwa soda moja angemuua kwa mti mrefu na mambo yakaisha. Ningekwenda ofisi za wilaya, si mbali, nikawaambia watu wa wanyamapori waje wamtoe akiwa hai, bila damu, na mgeni wao aheshimiwe huko porini. Ningembeba mama kwa nguvu. Badala yake nikawa napiga simu. Kila jioni nampigia. "Mgeni bado yupo?" "Yupo." "Unaingia na viatu?" "Sawa, nitavaa." "Maziwa anakunywa?" "Bakuli tunalikutaga tupu." Nyoka hanywi maziwa bakulini kama mtoto. Paka wa pale alinenepa wiki ile.

Siku ya tisa, saa mbili kasoro asubuhi, nafungua duka, simu ikaita. Baba mkubwa.

"Mama yako ameguswa na mgeni," akasema.

"Ameng'atwa."

"Ameguswa. Kwenye mguu."

Nikamwambia kila kitu nilichojua, kwa mfululizo, nimeshika kufuli mkononi. Msimchanje. Msinyonye. Msimfunge kamba. Mvueni bangili za mguu, mlazeni, mguu mfungeni kwenye ubao kama mtu aliyevunjika ili usitikisike, asitembee hata hatua moja, mpelekeni hospitali sasa hivi.

"Kufunga tumeshafunga," akasema, na nilisikia kwamba anajivunia. "Tumefunga vizuri, kwa tyubu ya baiskeli. Sumu haipandi."

"Toka saa ngapi?"

"Toka kumi na mbili na nusu."

Saa moja na zaidi. Nilijua kwamba ukishafungwa muda mrefu namna ile hata kufungua kwake kunataka daktari awe karibu, kwa hiyo sikuthubutu kumwambia afungue. Nikamwambia hospitali, baba mkubwa, hospitali. Akasema ndiyo, wanampakia kwenye pikipiki, ila wanapitia kwanza Bunda, kwa mtu wa jiwe.

Jiwe hilo watu wengi wanalijua, jiwe jeusi. Unachanja kidogo pale palipoumwa, damu ikitoka unaligandisha, linashika, na linasemekana linanyonya sumu. Likishiba linaanguka lenyewe. Mimi ninauza dawa za mifugo, nimeona linavyotengenezwa: ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mweusi, basi. Linashika kwa sababu mfupa uliochomwa unashika kitu chochote chenye majimaji, hata ulimi wako. Waliipita hospitali njiani, mama yangu yuko katikati ya dereva na baba mkubwa, mguu unaning'inia, unatikisika kwenye kila shimo, wakaenda kutafuta mfupa.

Mimi nikaenda Bunda moja kwa moja. Nilifika saa tano. Nilimkuta uani kwa yule mtu, amelazwa kwenye mkeka chini ya kivuli cha bati, na watu wameketi wanazungumza habari za bei ya mahindi. Mguu ulikuwa umekuwa mara mbili. Chini ya tyubu ngozi ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, malengelenge yamejaa maji meusi, na pembeni ya kifundo jiwe limegandamana juu ya alama za wembe. Mama alikuwa macho. Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyekamatwa anaiba.

"Jiwe bado linanyonya," mwenye jiwe akaniambia, kwa sauti ya mtaalamu. "Likianguka tunaliosha na maziwa, tunaanza tena."

Maziwa tena. Nilicheka, na naona aibu mpaka leo kwamba nilicheka, lakini ndicho kilichotoka. Halafu nikalibandua lile jiwe kwa kucha, nikalirusha kwenye majani. Baba mkubwa akasimama akaniambia namwua mama yangu. Nikamjibu neno ambalo mtoto hamwambii baba yake mkubwa, na sijalitubu. Nikakodi gari dogo, tukamlaza siti ya nyuma, mguu kwenye ubao niliouokota palepale uani. Baba mkubwa hakupanda.

Hospitali iliyotupokea sina lawama nayo. Walimtundikia dripu, dawa ya sumu ilikuwepo na wakampa, wakamfungua ile tyubu polepole huku wamemzunguka. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Aliniuliza, "Nani alifunga?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Sumu tungepambana nayo," akasema. "Kifutu anaumiza sana lakini mara nyingi mtu akiwahi anarudi nyumbani na mguu wake. Huu umeuawa na mpira." Baada ya siku nne waliukata, chini kidogo ya goti. Mimi ndiye niliyeweka sahihi.

Kule bomani habari ilisimuliwa kwa namna yao. Mgeni alikuja kwa amani. Binti akamtukana mlangoni, akamwita kwa jina la kifutu, mbele ya watu, siku ya kuanua tanga. Mgeni akavumilia siku nane, ya tisa akakasirika. Kanisani waliniombea ili Bwana anilegeze moyo. Na nyoka mwenyewe hakuonekana tena, alishaondoka, wakasema ameshaaga. Nyumba ya vyumba vitatu sasa anakaa mtoto wa kiume wa baba mkubwa na mke wake. Hakuna aliyemfukuza mama. Ilisemwa tu kwamba mtu wa mguu mmoja hawezi kukaa peke yake shamba, na kwamba ana binti mjini.

Kwa hiyo mama yuko kwangu, Nyasho. Anatembea na magongo, anachambua dagaa, anawagombeza wanangu. Kwa muda mrefu nilikuwa namchukia baba mkubwa kila siku kwa mpangilio, kama mtu anayemeza vidonge. Asubuhi nikifungua duka, jioni nikimfunga mama kitambaa kwenye kigutu. Nilikuwa namsema kwa sauti mbele ya mama, nikitarajia atanisaidia. Hakuwahi kunisaidia. Alikuwa anasema, "Ndivyo alivyofundishwa," anaendelea na dagaa wake. Hilo lilikuwa linaniudhi kuliko mguu.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, nilikuwa nafagia uani, mchana, mama ameketi kizingitini. Nyoka akatoka chini ya tangi la maji. Nikaruka, nikashika jembe, kila nilichofundishwa nikakisahau, nilikuwa mtaa mzima wa Nyakato ndani ya mtu mmoja. Mama hakuinuka. Kutoka kule alikokaa, hatua kumi na tano au zaidi, akasema, "Angalia kichwa."

"Sioni kichwa."

"Kichwa chembamba, mwili mwembamba, rangi ya udongo. Ana mstari mdogo karibu na jicho. Huyo ni wa panya, mwache apite."

Nikasubiri. Akapita, akaingia kwa jirani. Nilienda mpaka pale alipokuwa, nikageuka kumtazama mama, umbali ule. Mimi nilikuwa karibu na sikuuona huo mstari.

"Macho yako yanaona mpaka huku?" nikamwuliza.

"Yanaona."

"Na siku ile, ghalani?"

Akachukua gongo lake moja, akaligeuza, na kwa ncha yake akaanza kuchora kwenye vumbi nililokuwa sijalifagia. Paa moja. Paa la pili mbele yake. La tatu. Alichora taratibu, bila kunitazama, kama alivyochora kwa mkaa jikoni miaka ile.

"Ulijua," nikasema.

"Toka mlangoni."

"Na ukavua viatu."

"Ningesema nini? Mimi mjane. Ningesema huyo siyo mume wangu, ni nyoka, wangesema nilikuwa simtakagi hata akiwa hai. Wangeniacha nikae kwenye ile nyumba siku ngapi?" Akaliweka gongo chini. "Nilikuwa naingia naweka bakuli karibu na mlango, natoka. Siku ile alikuwa amesogea."

Nilisimama na jembe langu. Nikamwambia, kwa hasira, kwa sababu sikuwa na kitu kingine, "Mimi nilisema, mama. Nilisema mbele ya wote. Wewe ndiye uliyeniambia niache."

"Ulisema," akasema. "Mara moja. Nikakwambia acha, kwa sababu wote walikuwa wananiangalia mimi. Nilijua wewe unabishaga. Toka mtoto unabishaga, hata na mwalimu. Nilikuwa nangoja ubishe." Akafuta yale mapaa kwa kisigino cha mguu uliobaki. "Halafu nikasikia unauliza gari la saa nane."

Hakulisema kwa uchungu. Angelisema kwa uchungu ningejua la kujibu. Aliomba nimletee ungo wa dagaa, nikamletea, nikamalizia kufagia.

Baba mkubwa bado simpendi, ila ile hasira ya kila siku imenikimbia, haina pa kukaa tena peke yake. Na mwenye duka ameniita mara ya tatu juu ya mdomo wangu. Wiki iliyopita alikuja mwanamke kutoka Bunda anataka dawa ya kufukuza nyoka aliye stoo kwake, mfupi, mnene, anayepumua kwa sauti. Nikamweleza. Akasema mkwe wake anasema ni chatu, basi, ahsante, akaondoka. Niliacha droo wazi nikamfuata barabarani, nikamshika mkono mbele ya watu, nikamwambia mara ya pili, na ya tatu, huku ananivuta na kuniita kichaa, na nikamwambia tena.